Je, wajua kwa nini ghorofa za zamani za Tanga zina kuta za matundu?

Katikati ya mji wa Tanga bado zimesimama ghorofa za enzi za neema ya mkonge, miaka ya 1950 na 1960. Ngazi zimekingwa kwa ukuta wa matofali ya matundu, juu ya madirisha limechomoza bamba la zege, na pengine kuna mapezi ya zege yaliyosimama wima kama kurasa za kitabu. Wengi huyaita urembo. Urembo umo, ila kilichotangulia ni hesabu ya jua.

Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Juni, jua la adhuhuri hulalia kaskazini kwa nyuzi 28 kutoka utosini; Desemba hulalia kusini kwa nyuzi 18 tu. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 hukingwa adhuhuri na bamba la sentimita 80, na la kusini hutosheka na 50. Kazi iko mashariki na magharibi. Saa kumi na nusu alasiri jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho, na kulizuia kwa bamba peke yake kungetaka zege la mita 2.5 na zaidi lining'inie hewani. Ndipo yakaja mapezi na matundu.

Chukua tofali moja lenye unene wa sentimita 10. Tundu lake likiwa na kimo cha sentimita 10 pia, jua lililo juu ya nyuzi 45 haliwezi kupenya. Kwa ukuta wa magharibi, mwezi Machi, miale huanza kuingia kwenye saa tisa na nusu. Punguza kimo cha tundu hadi sentimita 5, na kivuli kinadumu hadi baada ya saa kumi na nusu. Saa nzima imepatikana kwa kubadilisha umbo la kalibu tu! Sakafu ya tundu inatakiwa iteremke kidogo kuelekea nje, la sivyo mvua ya masika ikija na upepo, maji yanaishia ndani.

Mawazo haya yalizunguka nchi za joto miaka ileile kupitia wasanifu majengo: Le Corbusier huko Chandigarh, India, Maxwell Fry na Jane Drew Afrika Magharibi, na hapa nchini Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam. Lakini kaskazi na kusi ni pepo za pwani yetu. Pepo zote mbili hutokea upande wa mashariki, moja kaskazini mashariki, nyingine kusini mashariki, nazo haziingii chumba kisicho na pa kutokea. Ndiyo maana mkabala na matundu utakuta luva (vibao vilivyoinamishwa vya kupitisha hewa), au tundu jingine juu ya mlango.

Ukitaka kumpima mchoraji wa jengo, lizunguke. Pande nne zikifanana, alinakili picha. Zikitofautiana, alijua jua linachomoza wapi. Kwa kupiga picha, usiende upande wa magharibi asubuhi, ukuta huwa bapa kama karatasi. Nenda saa nane, jua linapoanza kuuparaza na kila tundu kuchorwa kivuli chake.

Zinakufaje kuta hizi? Kwanza kwa kuzibwa. Mtu anafunga kiyoyozi, anaziba matundu kwa kioo na aluminiamu, kisha umeme ukikatika chumba kinakuwa tanuri. Pili, kwa chumvi. Mapezi ni membamba, na nondo nyingi za wakati ule zimefunikwa kwa zege la sentimita 2 au pungufu. Hewa ya bahari inazifikia, zinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Kupiga lipu juu ya ufa huo ni kuficha donda kwa shuka. Fundi anayejua hubomoa zege hadi nyuma ya nondo, husugua chuma mpaka king'ae, hupaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo hujaza kwa zege jipya lenye mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni, hata uwe mzuri vipi machoni, hurudisha chumvi ileile ndani.