Seli za kiwavi, ganda la VVU, na maneno ninayoyasikia kila siku

Kila tukizungumza na watu hapa Malindi kuhusu utafiti wa chanjo ya VVU inayotumia chembe mfano wa virusi, yaani maganda ya protini yenye umbo la kirusi, iwe Maweni au Mambrui, swali ni lile lile: "Kwani si mnatudunga UKIMWI wenyewe?" Nimelijibu hadi sauti imekauka. Sasa naandika.

"Chembe mfano wa virusi ni VVU vilivyodhoofishwa." Hapana, na hapana tena. Zipo chanjo za virusi vilivyodhoofishwa, ya surua ni mojawapo, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Huku hakuna kilichodhoofishwa, kwa sababu VVU havikuingia kabisa kwenye chupa. VVU vina jeni tisa. Inayotumika ni moja, ya protini iitwayo Gag. Jeni hiyo hupachikwa kwenye bakulovirusi, kirusi cha viwavi, nacho huipenyeza katika seli za mdudu zinazokuzwa kwenye nyuzijoto 27 hivi. Seli hufyatua Gag kwa wingi, protini hizo hujipanga zenyewe chini ya utando wa seli, kisha huchomoza na kujitenga kama viduara vya nanometa mia na kidogo. Hili limejulikana tangu 1989. Kwa umbo vinafanana na VVU ambavyo havijakomaa. Lakini ndani hamna jenomu ya VVU, yaani seti nzima ya jeni zake, hamna kimeng'enya cha kunakili RNA kuwa DNA, hamna cha kuipachika DNA hiyo katika seli zako. Ukikuta RNA humo, ni RNA ya seli, imenaswa wakati ganda linajifunga. Sasa litazaliana kwa kitu gani? Fukia kifuu uone kama kitaota mnazi. Na msiniambie "labda kitafufuka". Kisichowahi kuwa hai hakifufuki.

La kuulizia haswa hamliulizi: kipimo cha VVU. Vipimo vingi vya haraka hutafuta kingamwili, si kirusi chenyewe. Aliyechanjwa kwa protini za VVU kwenye jaribio anaweza kuwa na kingamwili hizo, akasomeka ameambukizwa ilhali hajaambukizwa. Kwa hiyo mshiriki atembee na kadi yake ya utafiti, aipige picha aiweke kwenye simu maana karatasi hupotea, na akipimwa kwingine adai PCR, kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

"Mtatutia wadudu mwilini." Seli hizo za mdudu, ziitwazo Sf9, asili yake ni ovari za kiwavijeshi vamizi, huyu huyu anayemaliza mahindi Magarini. Zinakuzwa maabara kwa miongo mingi sasa, na chembe husafishwa kabla ya kutumika. Chanjo ya Cervarix ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, nayo hutoka kwenye seli za wadudu. Gardasil, nyingine ya HPV, hutoka kwenye hamira. Ya halali na haramu waulizeni masheikh, mimi ni mtu wa maabara.

"Bakulovirusi itatuambukiza." Haizaliani katika seli za binadamu. Inachotusumbua sisi ni kuitenganisha na chembe, kwani zote hutoka kwenye seli zile zile.

"Chanjo ya VVU ipo, wameificha." Haipo. Hakuna iliyoidhinishwa popote, ya seli za wadudu wala nyingine. Kilichopo ni kondomu na PrEP, vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU vinavyotolewa bure katika vituo vya afya vya serikali, na wanaonifuata na habari za chanjo iliyofichwa ni wale wale ambao hawajawahi kuviulizia.