Uzito Kurudi Baada ya Kupunguzwa Tumbo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Siku hizi si ajabu tena Unguja na Pemba kusikia fulani amevuka kwenda Dar es Salaam, au amepanda ndege hadi India, kwenda kupunguzwa tumbo kwa upasuaji ili akonde. Mwaka wa kwanza ni mashallah kila anapopita. Nguo zinabanwa upya, magoti yanatulia, dawa za presha na za kisukari zinapunguzwa. Halafu mwaka wa pili au wa tatu kilo zinaanza kurudi moja moja, na hapo ndipo kimya kinapoingia. Simu ya kliniki haipokewi. Harusi haziendwi. Mizani inasukumwa mvunguni mwa kitanda.

Nimewasikiliza wengi waliofika hapo, na naamini kinachowakwamisha zaidi ni maneno: ya jirani, ya mavyaa, na yale mtu anayojiambia mwenyewe usiku. Mengi ya maneno hayo si kweli, na kwa kuyaamini mtu hupitisha miaka ambayo angekuwa ameshapata msaada.

"Tumbo limeshatanuka, pesa imekwenda bure."

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, basi tulianze kwa kuelewa kilichofanyika mle ndani. Upasuaji huu una aina mbili kubwa. Kwa ile ya kukata, asilimia 75 hadi 80 ya tumbo huondolewa, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Kwa ile ya baipasi, hutengenezwa kifuko cha kiasi cha mililita 30 na kuungwa na utumbo mdogo, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Zote mbili hazipunguzi nafasi tu, hubadilisha pia homoni za njaa na shibe. Grelini, homoni inayoamsha njaa, hutoka zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo, na hiyo ndiyo inayoondolewa katika upasuaji wa kukata.

Kifuko kinaweza kulegea kidogo kadiri miaka inavyokwenda, maana tumbo ni msuli. Lakini kulegea huko peke yake si kawaida kurudisha kilo nyingi. Kinachofanya kazi zaidi ni mwili wenyewe, ambao haupendi kupungua. Ukishakonda, mwili hutumia nishati kidogo kuliko zamani, na njaa huamka tena taratibu. Utafiti mkubwa wa Sweden uitwao SOS, ulioanza mwaka 1987, uliwafuatilia watu wa namna hii kwa miaka mingi. Waliofanyiwa baipasi walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka 1 hadi 2 ya mwanzo. Baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Tuupige hesabu kwa mtu mmoja: mama aliyekuwa na kilo 120 alishuka hadi 82, na leo ana 90. Mtaani wanasema amerudia unene. Ukweli ni kwamba kilo 30 hazijarudi, na moyo wake, magoti yake na sukari yake vinazijua kilo hizo hata kama jirani hazioni.

Aliyerudisha nyingi na kwa haraka ana haki ya kuchunguzwa, kwa kamera ya tumboni au kwa eksirei inayopigwa baada ya kunywa dawa ya kuonyesha njia. Asihukumiwe kabla ya kipimo.

"Ni mlafi tu huyo, hakuna lingine."

Mtu aliyepunguzwa tumbo hata akitaka hawezi kumaliza sahani ya biriani kama zamani. Ukikaa naye kutwa nzima utaona kitu kingine kabisa. Asubuhi amekunywa chai ya maziwa yenye sukari, na mandazi moja. Saa nne visheti viwili. Mchana amejaribu nyama, imemkwama kifuani, akaiacha na kunywa juisi ya embe. Alasiri kaimati tatu na chai nyengine. Usiku bakuli dogo la urojo. Hakushiba hata mara moja, wala hakuna mlo uliokuwa mkubwa, na ukijumlisha amekula kuliko mwili unavyohitaji. Vitu laini na vya majimaji hupita katika tumbo dogo kwa dakika chache, na tumbo halipati muda wa kumwambia kwamba ameshiba. Nyama ngumu inauma, kwa hiyo anaikimbia, na kadiri anavyoikimbia ndivyo vitamu vinavyochukua nafasi yake. Huo si ulafi. Ni tumbo lililofundishwa njia nyepesi, na linaweza kufundishwa njia nyengine.

Na kwetu kuna jambo la sinia. Watu watano wamezunguka wali wa nazi, mikono inakwenda na kurudi, mazungumzo yamenoga, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema amekula kiasi gani. Ukijitenga unaonekana una kiburi. Ukisema umeshiba unaambiwa "kula japo kidogo, umekonda wewe." Dada mmoja wa Wete alitatua hivi: anajipakulia kwenye kisahani cha chai kabla sinia halijatandikwa, anakaa mkekani na wenziwe, anakula polepole, na akimaliza anashika kikombe cha maji akiendelea na mazungumzo hadi nusu saa ipite ndipo anywe. Wiki za mwanzo walimsema. Sasa wanamwekea kisahani wao wenyewe.

Katika kisahani hicho samaki anatangulia, mboga inafuata, wali unakuja mwisho kama nafasi ipo. Wataalamu wengi wanataka mtu huyu apate gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na visiwa vyetu havina shida hiyo. Gramu 100 za changu au jodari aliyepikwa zina protini zaidi ya gramu 20. Yai moja lina kiasi cha gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha choroko zilizopikwa kiasi cha gramu 14. Mayai mawili asubuhi, kipande cha samaki mchana na kingine usiku, na glasi ya maziwa: umeshafika. Samaki wa kuchemsha au wa mchuzi mwepesi hupita vizuri kuliko nyama ya ng'ombe iliyokauka. Cha kuangalia ni tui zito, maana mafuta yake ni mengi na hayajazi tumbo.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato. Wanasema kaa siku tano kwa maji na supu, kifuko kitasinyaa kirudi kama siku ya upasuaji. Hakuna ushahidi kwamba tumbo husinyaa kwa namna hiyo. Unachopoteza ni maji na nyama ya mwili, na siku ya sita njaa inarudi na wenziwe. Sanamaki nayo inaendesha tumbo, mizani inashuka kilo mbili, lakini hayo ni maji na chumvi za mwili, na kwa mtu ambaye tayari anafyonza virutubisho kidogo ni hatari kweli. Ninawasihi hasa kina mama wanaoitumia kila wiki: acheni, na mkamwambie daktari mlichokuwa mnatumia.

"Ameingiwa na kijicho, tangu ile harusi hajawa sawa."

Sitaki kugombana na imani ya mtu, na dua ni dua. Lakini isikilize habari yenyewe. Alikula halua na akanywa sharubati. Baada ya dakika kumi hadi thelathini moyo ulikwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamsokota, akaharisha. Au ilikuwa saa moja hadi tatu baadaye: alitetemeka, macho yakaingia kiza, nusura aanguke. Madaktari wanalijua jambo hili vizuri, na hutokea zaidi kwa waliofanyiwa baipasi. La kwanza linatokana na sukari kumwagika ghafla kwenye utumbo mdogo. La pili ni sukari ya damu kushuka baada ya mwili kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, nyingi kupita kiasi. Mpimeni sukari palepale anapotetemeka, na muandike namba. Wengi hupata nafuu kwa kupunguza vitamu, kula kidogo kidogo chenye protini, na kutenganisha kinywaji na chakula. Dua iendelee, na kipimo kiwepo.

Kuhusu Ramadhani nasikia kauli mbili zinazopingana, na zote zina kasoro. Wengine wanasema aliyekatwa tumbo hafungi tena maisha yake yote. Wengine wanaisubiri Ramadhani iwapunguze. Madaktari wengi hushauri kusubiri katika miezi ya mwanzo, wengine hadi mwaka mzima, na baada ya hapo wengi waliotulia hufunga vizuri kwa matayarisho. Tatizo kubwa ni maji. Kutoka magharibi hadi alfajiri kwetu ni kiasi cha saa kumi na nusu, na mtu huyu hawezi kugugumia glasi nzima, kwa hiyo lita moja na nusu inabidi aifyonde taratibu usiku kucha. Futari yetu nayo, yenye mihogo ya nazi, ndizi, tambi, sambusa na kaimati juu yake, humrudishia mtu alichopunguza na zaidi. Tende moja, maji kidogo, kisha samaki au kuku kabla ya muhogo. Daku lisiachwe. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge bila kwanza kurekebishiwa dozi, na dini imempa mgonjwa ruhusa yake.

Vidonge vya vitamini si vya mwaka wa kwanza tu. Ni vya maisha. Hifadhi ya B12 hukaa katika ini kwa muda mrefu, ndiyo maana mtu akiacha vidonge hajisikii chochote mwaka wa kwanza, halafu miaka inapita anaanza kufa ganzi miguuni. Kalisi, yale madini ya mifupa, inayopendekezwa ni miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, ikigawanywa, na isimezwe pamoja na madini ya chuma: ziachane saa mbili au zaidi. Chai ya rangi mara tu baada ya chakula huzuia chuma kuingia, na uchovu wa upungufu wa damu mara nyingi hudhaniwa ni uvivu.

Aliyewekewa puto ndani ya tumbo badala ya kupasuliwa, asijilaumu wala asiseme ametapeliwa. Puto ni la muda, kwa kawaida miezi sita, mengine mwaka, kisha hutolewa. Lilikuwa la kumsaidia ajifunze kula, na kama uzito umerudi anaweza kuzungumza na daktari juu ya hatua inayofuata.

"Sasa lililobaki ni kukatwa tena." Hapana, si lazima. Upasuaji wa pili upo, na wakati mwengine ndio unaofaa, kwa mfano mtu aliyekatwa tumbo akapata kiungulia kikali hubadilishiwa kuwa baipasi. Lakini hatari zake ni kubwa kuliko za ule wa kwanza, na kabla yake kuna mengi ya kujaribu. Zipo sindano kama liraglutidi na semaglutidi ambazo hupunguza njaa na huwasaidia waliorudisha uzito. Ziandikwe na daktari, zisitumiwe na mjamzito, na zisinunuliwe kwa mtu wa mtandaoni. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zilifika huko, zinaweza kufika popote.

Yapo pia ya dharura, ambayo hayangoji miadi. Kutapika siku nyingi mfululizo si "tumbo linajizoesha". Hifadhi ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na ikiisha mtu huona viwili viwili, huyumba, huchanganyikiwa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na waliompeleka wamwambie daktari kwamba alipunguzwa tumbo kabla hajawekewa dripu ya sukari, kwa sababu B1 inatakiwa itangulie. Maumivu makali ya tumbo kwa aliyefanyiwa baipasi, hata miaka mingi baadaye, nayo ni ya hospitali, maana utumbo unaweza kujinyonga. Na mwanamke ajue kwamba akipungua, uzazi hufunguka. Hushauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba, na vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea sana baada ya baipasi.

"Nitarudi kliniki nikishapungua kwanza."

Kauli hii huisikia kuliko zote, na ndiyo inayonisikitisha. Mtu anaona haya kwa daktari kama mwanafunzi aliyefeli mtihani wa skuli. Lakini mengi yanayorudisha uzito hayaonekani kwa macho. Tezi ya shingo inaweza kuwa imelegea. Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango huwaongezea wengine uzito, kadhalika insulini, dawa za steroidi, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo. Huzuni yenyewe, msiba, ndoa iliyovunjika, vyote hupitia kwenye chakula. Magoti yameanza kuuma tena na duka la dawa limemuuzia diklofenaki ya kutuliza maumivu, wakati dawa za kundi hilo zinaweza kumtia vidonda aliyefanyiwa baipasi. Nani atayaona haya kama mtu hakwenda?

Andika kwenye karatasi aina ya upasuaji na mwaka wake, uzito wa kabla, uzito wa chini kabisa uliofikia na wa leo, na dawa zote pamoja na za majani. Andika ulivyokula siku tatu, bila kuficha kaimati. Aliyeko Unguja anaweza kuanzia hospitali ya Mnazi Mmoja. Wa Pemba asingoje nauli ya boti ya kwenda Dar: wingi wa damu, sukari na presha vinapimwa hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, au Chake Chake, na majibu yakapelekwa kwa simu kwa daktari aliyemfanyia, ambaye ndiye atakayesema kama kuna haja ya kuvuka bahari.