Je, kumwita mtoto mjinga humtia bidii?

Wazee wengi wa Unguja na Pemba, kwa mapenzi ya kweli kwa watoto wao, huamini kwamba mtoto anayeitwa mjinga au mvivu huona haya na kuongeza bidii, kwani maneno makali hayavunji mfupa. Yanayojulikana kwa jumla katika malezi ni kinyume chake: mtoto anayedhalilishwa mara kwa mara huelekea kujiona hafai, huficha makosa yake na huogopa kuuliza asichokielewa. Kwetu, ambako maneno ya khanga tu huweza kumliza jirani, nguvu hiyo tunaijua. Anayetaka kuhakikisha amsahihishe mwanawe kwa wiki mbili akilitaja kosa lenyewe, kama “hesabu hii umeruka mstari wa pili”, kisha aangalie kama maswali yake yanaongezeka.