Bakemono no Ko: dhana potofu kuhusu Kumatetsu na mwanagenzi wake

(Tahadhari: mwisho wa filamu umetajwa.)

"Ni katuni ya Studio Ghibli." Sivyo. Filamu hii ya katuni ya Kijapani ni ya Studio Chizu, iliyoanzishwa mwaka 2011 na mwongozaji Mamoru Hosoda pamoja na mtayarishaji Yuichiro Saito. Ilitoka Japani Julai 2015.

"Ni hadithi ya mvulana na mnyama." Hilo ni jina la Kiingereza, The Boy and the Beast. La Kijapani humaanisha "mtoto wa bakemono", yaani wa kiumbe kinachogeuka umbo. Tangu kwenye jina, swali ni la ulezi: huyu mtoto ni wa nani?

"Dubu anamfundisha mtoto kupigana." Hapa ndipo wengi wanapopitwa na utamu wote. Kumatetsu, mnyama huyo anayefanana na dubu, anajua kupigana, ila kufundisha hajui kabisa. Anamfokea Ren, mvulana wa binadamu aliyemchukua awe mwanagenzi wake, ashike "upanga wa moyoni", basi, maelezo yameisha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na mwalimu; alijifunza peke yake, kwa hiyo hana maneno ya kumpa mwingine. Hata jina halipati: mtoto anakataa kulitaja, anasema tu ana miaka 9, naye anamwita Kyuta, kwa kuwa kyu ni tisa.

Kinachomwokoa Kyuta ni kuiga. Anapika, anafua, anafagia, huku akimfuata Kumatetsu nyuma na kuweka mguu pale pale alipoweka yeye. Itazameni miguu katika sehemu hiyo. Mwanzoni anachelewa na kuchekwa, lakini siku zinavyokwenda anajua hatua inayofuata bila hata kutazama. Hapo mambo yanageuka: Kumatetsu, aliyezoea kushinda kwa nguvu tupu, anaanza kujifunza kwa mtoto namna ya kumsoma mpinzani. Yai nalo linasimulia. Mlo wa kwanza Kyuta analikataa yai bichi juu ya wali. Baadaye analibugia kwa ubishi, machozi yakimlenga.

"Iozen ndiye mlezi wa mfano." Huyu ni mpinzani wa Kumatetsu katika kugombea ubwana wa Jutengai, mji wa wanyama. Ni mpole na anaheshimika, na si mwovu. Lakini alimwokota mtoto wa binadamu, Ichirohiko, akamlea akimwaminisha kuwa ni mnyama kama yeye. Kijana anangoja pua ndefu na meno ya nje kama ya Iozen, lakini hayaoti. Kumatetsu anagombana na Kyuta mchana kutwa, ila hajawahi kumficha yeye ni nani. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa filamu.

"Nyangumi wa Shibuya katokea hewani." Kyuta aliacha shule akiwa na miaka 9. Anaporudi Tokyo akiwa na 17, anafungua Moby-Dick na kumwuliza binti aitwaye Kaede herufi moja inasomwaje. Ni kujira, nyangumi. Ichirohiko anakiona kitabu hicho kikiwa kimeanguka barabarani, na giza lililomjaa moyoni linachukua umbo la nyangumi hapo Shibuya, mtaa wa Tokyo.

"Kumatetsu anakufa." Ushindi wake dhidi ya Iozen unampa haki ya bwana wa Jutengai: kuzaliwa upya akiwa mungu. Anaomba awe upanga, na upanga huo unaingia kifuani mwa Kyuta. Ndio ule wa moyoni, aliomfokea aushike siku ya kwanza.