Modeli ya 3D bila kipimo haitoshi

Mtafiti akileta kazi yake ya 3D kwenye maktaba ya chuo, mara nyingi huja na faili moja tu: modeli iliyokamilika, inayozunguka vizuri kwenye skrini. Mimi kazi yangu ni kutunza data za utafiti, na kitu cha kwanza ninachomwomba ni vile ambavyo hakuvileta: picha ghafi, vipimo vya uwandani, na maelezo ya hatua zilizomfikisha kwenye modeli hiyo.

Chukua nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978 na 1979: nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Zikafukiwa ili zisiharibike, lakini migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kuzitishia. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa mambo ya kale wa Tanzania, pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty, walizifungua, wakazirekodi na kuzifunika upya. Mwanafunzi wa leo hawezi kwenda na rula kuzipima. Kilichobaki mikononi mwake ni nakala na data.

Mwaka 2016 timu ya Watanzania na Waitaliano, akiwemo Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitangaza nyayo nyingine kama mita 150 kutoka zile za kwanza. Ilizirekodi kwa fotogrametria, yaani picha nyingi za pembe tofauti ambazo kompyuta huzioanisha na kuunda umbo. Kutokana na ukubwa wa nyayo, mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi. Hoja yote imesimama juu ya urefu wa unyayo, na hapo ndipo ninapokuwa mkali.

Picha peke yake hutoa umbo, hazitoi ukubwa. Ukubwa unatoka kwenye kipande cha kipimo, chenye urefu unaojulikana, kilichowekwa ndani ya picha, au alama za ardhini zilizopimwa. Mtafiti akihifadhi modeli kwa umbizo la STL, faili inabeba namba bila kusema ni milimita, sentimita au inchi. Ukisoma mita mahali pa milimita utashtuka mara moja. Ila kosa la asilimia 3 halionekani kwa macho, na linatosha kumshusha mtu wa sentimita 165 hadi 160. Miaka 20 ijayo, njia ya kulikamata ni kurudi kwenye picha ambamo kile kipande cha kipimo kinaonekana na kupima upya. Kama picha hazipo, tunabaki kuamini tu.

Rangi nazo zina mtego wake. Umbizo la OBJ hubeba umbo. Rangi huelekezwa na faili ya pembeni, MTL, inayotaja picha ya rangi kwa jina lake. Mkutubi mwenye nia njema akibadilisha jina la picha hiyo ili lifuate utaratibu wa maktaba, modeli inafunguka ikiwa ya kijivu. Kwa hiyo majina ya asili hayaguswi. Faili zote hukaa kwenye folda moja, na kila moja inakokotolewa namba yake ya uhakiki: baiti moja ikibadilika, namba haifanani tena, nasi tunajua.

Nafasi kwenye seva ni gharama, na si kila kitu kinastahili kulipiwa. Faili za kati ambazo programu inaweza kuzitengeneza tena nazifuta bila huruma, mradi picha ghafi na ripoti ya mipangilio vimebaki. Picha hizohizo zikiingizwa kwenye programu bora kesho, zinaweza kutoa modeli nzuri kuliko ya leo.

Tovuti za kuonyeshea modeli nazipenda, na umbizo la glTF, lililokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2022, linafaa sana kwa maonyesho. Lakini Google Poly, tovuti ya kuweka na kuonyeshea modeli za 3D, ilifungwa tarehe 30 Juni 2021. Aliyekuwa ameweka nakala yake pekee kule alilazimika kuipakua kabla ya siku hiyo, la sivyo aipoteze.

Suala la nani aone nini lina uzito wake. Laetoli inajulikana na ina ulinzi, lakini kaburi la kale porini halina mlinzi. Simu nyingi na baadhi ya kamera huweza kuandika ndani ya picha viwianishi vya GPS, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipopigwa, na mwizi wa mambo ya kale hahitaji ramani nyingine. Kwa maeneo kama hayo tunatunza seti mbili: kamili, inayofunguliwa kwa kibali cha mamlaka husika, na ya umma, iliyoondolewa viwianishi hivyo.