Fishi-finda sio kamera jamani

Kuna jamaa yangu pale bwawa la Mtera kafunga fishi-finda, kile kifaa cha kutafutia samaki, kwenye kiboti chake, kila kikitokea kisamaki kwenye skrini anatupa nyavu, anavuta vijiti, sasa anasema kauziwa feki. Sio feki bana. Ile kitu haipigi picha, inatuma sauti chini ya maji halafu inasikilizia mwangwi, sauti inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde humo, na hewa iliyoko kwenye kibofu cha hewa cha samaki ndo inarudisha vizuri, ila hata tawi linarudisha, na Mtera mnaijua ilivyojaa miti mikavu. Hivyo visamaki ni programu inakisia tu, mi huwa navizima, natafuta upinde, ule mstari uliojikunja unaochorwa kwenye skrini samaki akipita chini ya boti. Tena upinde mrefu sio lazima liwe lisamaki likubwa, pengine perege katulia tu chini ya boti. Kambale akilala topeni ndo kabisa humuoni.

Kingine, ukingo wa kulia wa skrini ndo sasa hivi, ya kushoto mshayapita zamani, yeye akiona kisamaki huko kushoto anatupa nyavu hapo hapo alipo!