Koti zito halikufikishi Uhuru

Kila Desemba, Watanzania wanapomiminika Moshi kupanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, kazi yangu ya kwanza kama mwongoza wageni ni kukagua mabegi jioni kabla ya safari. Na kila Desemba nakuta begi lile lile: jeans mbili, fulana za pamba, na koti moja kubwa lililonunuliwa maalumu kwa mlima. Nikisema jeans zibaki hotelini, naambiwa: “Kaka, koti langu ni zito hili, baridi itanifanya nini?” Nimelisikia neno hilo mpaka nimechoka.

Koti halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini mwako, na kazi ya nguo ni kuizuia hewa iliyopashwa na mwili isikimbie. Hewa hiyo hukaa ndani ya nyuzi, na katikati ya nguo moja na nyingine. Nyuzi zikilowa, mahali pa hewa panashikwa na maji, na maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo swali la kwanza si koti lina uzito gani, ni ngozi yako itakuwa kavu au mbichi.

Sasa fikiria usiku wa kilele kwa njia ya Marangu. Mnatoka kambi ya Kibo, mita 4,720, karibu saa sita usiku, mnakata kona kwenye changarawe mpaka Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, karibu mita 1,000 juu zaidi. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni kitu cha kawaida huko, na upepo juu yake. Mwendo ni pole pole, lakini mlima umesimama na hewa ni nyepesi, mwili unafanya kazi kubwa. Mwenye koti zito juu ya fulana ya pamba hutoa jasho mapema, na halimsumbui kwa sababu bado anatembea. Tukisimama kunywa chai ndipo mambo yanapoharibika. Nikipitisha mkono mgongoni mwake ndani ya koti, nakuta fulana imenata kwenye ngozi, imelowa chepechepe na imepoa kama bomba la maji alfajiri. Koti lile la bei kubwa limekaa juu ya kitambaa kibichi, halina joto la kulinda. Dakika chache baadaye meno yanagongana.

Pamba hunywa maji mengi na huyaachia polepole mno. Jeans ndiyo mbaya kuliko zote, maana ni pamba nene: mvua ikiikuta msituni kabla ya kambi ya kwanza, Mandara, unaweza kuivaa mbichi mpaka kambi ya pili, Horombo. Kwa matembezi ya mjini pamba ni nguo nzuri sana. Mlimani naomba isiguse ngozi yako, kuanzia soksi hadi chupi.

Vaa nguo kadhaa nyembamba badala ya moja nene. Inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au polista, ya kubana kidogo. Sufu hunywa unyevu lakini nyuzi zake hazilali, hewa inabaki. Polista hainywi maji mengi, inakauka upesi. Juu yake sweta la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, au mawili mepesi. Kisha koti lililojazwa manyoya ya bata, ambalo kwa sehemu kubwa ya safari ni la kusimama na la kambini. Usiku wa kilele wengi huishia kulivaa, na ni sawa, mradi zipu ifunguliwe kabla jasho halijaanza. Nje kabisa, koti jembamba lisilopitisha upepo wala maji. Ushauri ninaoung'ang'ania: anza kutembea ukihisi kibaridi kidogo. Ukianza na joto la kitandani, umevaa kupita kiasi.

Na tafadhali, nisiambiwe kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye pesa. Nenda soko la Memorial hapa Moshi, pekua mitumba, soma lebo kabla ya kuuliza bei. Flisi na sweta za sufu zipo. Hata jezi ya Simba au Yanga uliyonayo ni polista, inaishinda fulana yoyote ya pamba. Ukibisha, loweka zote mbili kwenye beseni, zikamue, zianike, uone ipi itatangulia kukauka.

“Januari ni kiangazi, koti la mvua la nini?” Msitu wa upande huu wa kusini hunyeshewa mwezi wowote, na koti hilo ndilo kinga yako ya upepo juu. Poncho ya plastiki itakusaidia msituni tu. Kule juu upepo unaipeperusha.

Soksi tatu kwa pamoja? Kiatu kitabana, damu haitafika vidoleni, na vidole vitaganda ndani ya soksi zako tatu. Nyembamba moja, nene ya sufu moja, na nafasi ya kuchezesha vidole. Kwa mikono, chukua glavu zinazoweka vidole vinne chumba kimoja, vinapashana joto.

Konyagi nayo haipashi mwili. Pombe hupanua mishipa ya ngozini, damu yenye joto inakimbilia nje na joto linapotea huko. Unahisi moto wakati unapoa. Na mtu aliyepoa kwa hatari huanza kujikwaa, hushindwa kufunga zipu, huvuta maneno, dalili ambazo ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, nao unazo. Aliyekunywa anatufanya tushindwe kujua anaumwa nini. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hajapona, amezidiwa.

Kulala na nguo za siku nzima pia sikubali. Zina jasho hata kama hulioni. Weka seti moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, ya kulalia tu, isitoke kwa sababu nyingine yoyote.

La mwisho linaniuma zaidi, linahusu wabeba mizigo wetu, tunaowaita wagumu: “Wagumu wamezoea, wao hawasikii baridi.” Nimelisikia kwa wageni, nimelisikia kwa wenye kampuni pia. Kuzaliwa Marangu au Machame hakumpi mtu ngozi nyingine, na wagumu wamekufa kwa baridi kwenye mlima huu. Mgumu hubeba hadi kilo 20 za mizigo ya wageni, anatoa jasho kuliko mgeni, na mara nyingi ndani ana fulana ya pamba. KPAP, shirika la kuwasaidia wagumu hapa Moshi, huwaazima wagumu makoti na nguo za baridi bila malipo, kwa hiyo kampuni inayompeleka mgumu mlimani na sweta moja haina kisingizio.